Karatasi ya Kibarua: Ajira za Muda na Watu wa Kati wa Unguja na Mrima, 1857–1917

Miongoni mwa watoto wetu waliokulia Uingereza na nchi za Ghuba wamo wengi wanaofanya kazi katika ofisi za ajira za muda, na baadhi yao wamekwisha kupanda daraja na kuitwa washauri waandamizi. Kazi yenyewe ni hii: hospitali, ghala au hoteli inapiga simu jioni kutaka watu kumi wa kuingia kazini alfajiri. Mshauri anafungua orodha yake. Anajua nani yuko huru, nani ana cheti kinachotakiwa, nani hachelewi na nani humkimbia mwajiri siku ya pili. Anawapanga, anawapeleka, na mwisho wa wiki ofisi yake ndiyo inayowalipa. Mwajiri hutozwa zaidi ya kile anachopata mfanyakazi, na tofauti ya fedha mbili hizo ndilo pato la ofisi.

Tukiuliza kazi hii ilianzia wapi, tunajibiwa kuwa ni Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Inatajwa kampuni ya Kelly iliyoanzishwa Detroit mwaka 1946, na Manpower iliyofuata Milwaukee mwaka 1948. Kwa upande wa kampuni za leo na muundo wake, jawabu hilo ni sahihi. Lakini karibu miaka mia kabla ya hapo, bandari ya Unguja na miji ya Mrima ilikuwa na soko kubwa la watu wa kukodiwa kwa siku, kwa mwezi au kwa safari. Soko hilo lilikuwa na madalali wake, wadhamini wake, mikataba yake na kesi zake. Wazee wetu waliijua kazi ya mtu wa kati kwa jina na kwa hesabu.

Katika makala haya tunawatazama watu hao wa kati, kuanzia makarani wa forodha hadi matajiri wa Bagamoyo, na hadi Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Kwa kila mmoja tunauliza maswali matatu. Nani alimchagua mfanyakazi? Nani aliushika ujira wake? Na mambo yalipoharibika, nani aliyejibu?

Neno na karatasi yake

Tuanze na neno tunalolitumia kila siku. Kibarua ni barua ndogo. Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha Unguja kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870, anaeleza kuwa vibarua waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa kikaratasi, na akakirudisha siku ya kulipwa. Yaani jina la karatasi lilihamia kwa mtu. Mfanyakazi wa kudumu alijulikana kwa jina lake au la bwana wake. Mfanyakazi wa muda alijulikana kwa hati aliyoishika mkononi.

Maneno mengine ya soko hilo yalitoka katika Kiarabu cha biashara. Ajira, ujira na ijara ni ndugu wa mzizi mmoja. Katika fiqhi ya ijara, mkataba wa kumkodi mtu haukamiliki mpaka mambo matatu yajulikane: kazi gani, muda gani na malipo kiasi gani. Dalali ni yule anayewaonyesha njia muuzaji na mnunuzi. Arubuni ni fedha ya kutangulizwa ili kufunga makubaliano. Inafaa kukumbuka kuwa katika Kiswahili cha leo tuna kitenzi kurubuni, chenye maana ya kumvuta mtu kwa fedha au ahadi ili umpate. Atakayeyaweka maneno mawili haya pamoja atajua namna watu wa pwani walivyoiona fedha ya kutangulizwa: ni heshima ya mkataba, na pia ni chambo.

Sasa tuseme jambo ambalo majarida kama hili mara nyingine hulipita kwa haraka. Wengi wa vibarua wa mjini Unguja katika karne ya 19 walikuwa watumwa. Bwana alimruhusu mtumwa wake kwenda mjini kutafuta kazi: kupakua mizigo bandarini, kubeba mawe ya ujenzi, kusafisha sandarusi katika nyumba za wafanyabiashara wa Kimarekani na wa Kijerumani. Siku ya malipo, sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana. Desturi iliyozoeleka ilikuwa nusu kwa nusu, ingawa ilitofautiana kwa bwana na kwa kazi.

Kwa hivyo, ukiutazama mpangilio huu kwa macho ya leo, bwana mwenyewe alikuwa ofisi ya ajira. Alikuwa na watu wake, aliwatoa kwa wenye kazi na alikula tofauti. Lakini mfanyakazi wa leo anaweza kuondoka katika orodha ya ofisi. Mtumwa hakuwa na mlango huo, na hapo ndipo mfano unapokatika. Kati ya wasomaji wetu wamo waliotoka katika nyumba zilizopokea nusu ile, na wamo waliotoka kwa wale walioitoa. Aghlabu ni nyumba moja yenye damu zote mbili. Tunaliandika hili bila kulipamba, kwa sababu bila hilo historia ya ajira ya pwani haina maana.

Forodhani, 1857

Mwezi wa Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka Unguja kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Hawakuwa na njia ya kuwapata watu wa kubeba mizigo yao bila ya msaada wa wenyeji. Aliyewasaidia alikuwa Ladha Damji, msimamizi wa forodha, mtu mwenye nguvu kubwa katika fedha za Unguja. Kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim. Naye Ramji, karani wa Kihindi wa forodha, aliwatoa watu wa kulinda, kufasiri na kuendesha punda. Burton anawaita watu hao "wana wa Ramji", lakini walikuwa watumwa wake, na alilipwa ujira wa miezi kadhaa mbele kabla ya msafara kuondoka.

Tuyaulize hapa maswali yetu matatu. Aliyechagua watu ni Ramji, na hakuna sababu ya kudhani aliwatoa wale aliowahitaji zaidi. Aliyeshika fedha ni Ramji. Waliotembea kwenda bara ni wale wengine. Burton akajaza kurasa za kitabu chake kwa malalamiko juu ya uvivu na ukaidi wao. Hatushangai. Mtu ambaye ujira wake umekwisha kuliwa na mwingine kabla hajapiga hatua ya kwanza ana sababu gani ya kukimbilia mzigo?

Shauri kubwa lilizuka waliporudi mwaka 1859. Said bin Salim na wengine walidai kuwa waliahidiwa zaidi ya kile walichopewa mwanzoni. Aliyetoa ahadi hiyo alikuwa balozi wa Uingereza, Atkins Hamerton, na Hamerton alikuwa amefariki Unguja mwezi wa Julai 1857, siku chache baada ya msafara kuanza. Burton alikataa kulipa, akasema watu hawa hawakutumika vizuri na ahadi ilikuwa ya tuzo, si ya mshahara. Balozi mpya, Christopher Rigby, aliyaona madai yao kuwa ya haki na akaiandikia serikali ya Bombay, na Burton akatakiwa kujieleza.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama sehemu ya ugomvi wa Burton na Speke. Sisi tunakisoma kwa namna nyingine. Ni kisa cha ahadi ya mdomo ambayo mdhamini wake amekufa. Wafanyakazi walikuwa na neno la mtu mkubwa, lakini hawakuwa na karatasi.

Mnyapara mwenye orodha kichwani

Safari zilipoongezeka, Unguja ikapata watu waliofanya uajiri kuwa ujuzi wao. Mashuhuri wao ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi Unguja, ambako aliingia katika jeshi la Seyyid. Alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant kuanzia 1860, na Stanley mwaka 1871, na Verney Lovett Cameron kuanzia 1873 mpaka wakatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Alifariki mwaka 1885.

Vitabu vya Wazungu humtaja Bombay kama mtumishi mwaminifu au mtumishi mkorofi, kutegemea hali ya mwandishi siku hiyo. Kazi yake yenye thamani zaidi haikuonekana njiani. Ilifanywa Unguja kabla ya safari. Mzungu mgeni alishuka melini bila kumjua mtu. Bombay aliwajua watu wa mitaa, aliyekwisha kufika Unyanyembe, aliyetoroka safari iliyopita, fundi wa kupika, mwenye kuweza kusimama na bunduki usiku. Stanley alipofika mwaka 1871, kupitia Bombay alipata watu wengine wa safari. Cameron naye alimtegemea kuandikisha watu, kisha akalalamika kuwa wengine waliokotwa sokoni tu. Malalamiko hayo kila mshauri wa ajira anayajua: mteja anataka watu wengi upesi, kisha anauliza kwa nini wote si hodari.

Watu hawa waliojiita waungwana, wengine wao wakiwa huru na wengine wakiwa bado na mabwana mjini, walikodiwa kwa mwezi. Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima waliyoianza wenyewe kabla ya mgeni yeyote kuwaajiri, walipendelea kukodiwa kwa safari moja kutoka mahali hadi mahali. Mzigo ulikuwa wa paundi 60 hadi 70, yaani karibu kilo 30, na juu yake mpagazi alibeba mkeka wake, chungu chake na posho. Mkataba wa mwezi ulimfaa mwenye kuhofia safari ndefu yenye kusimamasimama. Mkataba wa safari ulimfaa mwenye kutembea upesi na kutaka kurudi shambani kwake kabla ya mvua. Tofauti hiyo haikuwa ya kabila. Ilikuwa hesabu ya mfanyakazi anayejua thamani ya wakati wake.

Mwaka 1874 Stanley aliajiri Unguja na Bagamoyo zaidi ya watu 300 kwa safari iliyokuja kumvusha Afrika. Makubaliano yalifanywa barazani. Watu walijifunga kwa miaka 2, kwa ujira wa riale 2 hadi 10 kwa mwezi kulingana na kazi na cheo, pamoja na posho, na walipewa malipo ya miezi 4 mbele. Waliorudi Unguja mwezi wa Novemba 1877 hawakufika nusu ya walioondoka. Waliobaki walilipwa, na ndugu wa waliokufa wakaja kudai haki zao. Mwishoni mwa kitabu chake Stanley aliweka orodha ya majina ya waliokufa na ya waliosalia.

Tunawaomba wasomaji waiangalie orodha hiyo kwa makini. Orodha ile isingeweza kuandikwa bila ya daftari la malipo. Ilibidi kila jina liandikwe kwa sababu kila jina lilikuwa na deni. Ni katika sehemu chache sana ambapo watu wa kawaida wa Ng'ambo na wa vijiji vya Mrima wa wakati ule wametajwa mmoja mmoja, na walitajwa kwa sababu walikuwa watu wa mkataba.

Matajiri wa Bagamoyo

Kufikia miaka ya 1880 kazi ya kutafuta wapagazi haikuweza tena kufanywa na mnyapara mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Kila mwaka makumi elfu ya watu waliingia na kutoka Bagamoyo. Pembe za ndovu ziliteremka, nguo na shaba zikapanda. Wamisionari, makampuni na baadaye serikali ya Wajerumani, wote walitaka wapagazi, na wote waliwataka leo.

Aliyelishika soko hilo kuliko wote ni Sewa Haji Paroo, Ismailia aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Duka lake lilimpa mwenye safari kila kitu: nguo, shanga, nyaya, mikopo, na watu. Sewa Haji aliweza kumpa mteja wapagazi mia kadhaa kwa sababu alikuwa na wenzake wa bara. Mmoja wao alikuwa Charles Stokes, raia wa Ireland aliyekuja na wamisionari wa Kanisa la Uingereza, akaacha umisionari, akaoa katika Wanyamwezi na kuwa kiongozi wa misafara mikubwa. Stokes alinyongwa na afisa wa Dola Huru ya Kongo mwezi wa Januari 1895, na kifo chake kilizua mzozo mkubwa kati ya serikali za Ulaya.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897 akiwa hajatimiza miaka 50. Fedha zake zilijenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam, iliyotibu Waafrika na Wahindi, na ambayo jina lake limebaki katika wodi ya Muhimbili mpaka leo. Wapo wanaomkumbuka kama mfadhili, na ni kweli. Lakini ni vizuri kukumbuka fedha hizo zilipatikanaje. Sehemu yake ni tofauti kati ya kile mwenye safari alichotozwa kwa kila kichwa na kile mpagazi alichokipokea. Hatusemi kuwa tofauti hiyo ilikuwa dhuluma. Mtu wa kati alibeba hatari: aliyepokea arubuni akatoroka usiku wa pili, hasara ilikuwa ya nani? Tunasema tu kwamba hospitali ile ilijengwa pia kwa mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.

Watu 600 wa Tippu Tip

Kesi kubwa zaidi ya ajira za muda katika historia yetu ni ile ya mwaka 1887. Ili kuielewa, lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1876 Stanley alikutana na Tippu Tip Manyema na kumwomba amsindikize kuufuata mto Lualaba, yeye na watu wake, kwa vituo 60. Stanley aliandika kuwa malipo yalikuwa riale 5,000. Tippu Tip, katika tawasifu yake aliyoiandika kwa Kiswahili katika uzee wake, anataja 7,000. Msitu uliwashinda, Tippu Tip akarudi kabla ya kutimiza vituo vyote, na Stanley akalipa sehemu tu. Kila mmoja akaondoka akiamini kuwa mwenzake anamdai au anadaiwa.

Mwezi wa Februari 1887 Stanley alirudi Unguja akielekea kumwokoa Emin Pasha katika jimbo la Ikweta. Aliandikisha watu wapatao 600 mjini, na katika ubalozi wa Uingereza alifunga mkataba na Tippu Tip. Tippu Tip akawa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Na kwa mkataba wa pili, akakubali kutoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo kutoka Kongo hadi Ziwa Albert, kwa malipo ya kila kichwa.

Wapagazi hao hawakuja kwa wakati. Stanley alitangulia na kuwaacha watu wa nyuma Yambuya, wawasubiri. Walisubiri karibu mwaka mzima. Waunguja walioachwa pale walikula mihogo isiyoandaliwa vizuri, wakaugua, na wengi wakafa. Ilipofika Juni 1888, Tippu Tip alitoa watu wa Manyema, pungufu ya idadi, na akataka mizigo ipunguzwe uzito. Mwezi uliofuata kiongozi wa Yambuya, Meja Barttelot, akapigwa risasi na kuuawa.

Stanley alimlaumu Tippu Tip mbele ya ulimwengu na akafungua madai dhidi yake katika mahakama ya ubalozi Unguja. Baadaye madai hayo yaliachwa. Tippu Tip alijitetea kuwa Stanley aliahidi baruti na hakuitoa, na kwamba yeye hakuweza kuwalazimisha watu wa Manyema kufanya kazi wasiyoitaka.

Utetezi huo unastahili kupimwa kwa haki. Tippu Tip alitia saini Unguja kwa watu waliokuwa mbali sana, ambao hawakuulizwa. Alikuwa na jina kubwa, na Stanley aliununua ule ukubwa wa jina akidhani amenunua mabega 600. Hili ndilo kosa la kale la mtu wa kati: kuahidi watu ambao hajazungumza nao. Na mwajiri alikuwa na kosa lake, kwa kuwaacha mamia ya watu msituni wakitegemea ahadi ya mtu wa tatu, bila chakula cha kutosha kama ahadi ile itavunjika. Wakubwa wawili hao waliandika vitabu na kila mmoja akajitetea. Waliokufa Yambuya hawakuandika. Hao ndio waliokuwa wamekodiwa.

Serikali inapokuwa wakala

Mwaka 1891 Seyyid Ali bin Said alipiga marufuku kuandikisha askari na wapagazi Unguja kwa ajili ya kazi nje ya milki yake. Tangu 1879 watu walikuwa wakichukuliwa kwenda Kongo, na wengi hawakurudi. Na wenye mashamba ya karafuu walikuwa wakilalamika kukosa watu. Huruma na maslahi vilikutana katika amri moja, kama inavyotokea mara nyingi.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamud bin Muhammad alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Kuanzia hapo, kidogo kidogo, nusu ya bwana ilianza kufutika katika hesabu ya kibarua. Msimu wa karafuu ukawa soko jipya la kazi za muda. Watu wa kusini mwa Unguja walivuka kwenda Pemba kuchuma, wakalipwa kwa pishi, wakarudi kwao msimu ulipokwisha.

Asije mtu akafikiri kuwa ubaya wote ulikuwa kwa madalali na kwamba serikali ikiingia yenyewe mambo hunyooka. Katika vita vya 1914–1918 serikali ya Uingereza ilikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi Afrika Mashariki, na mwaka 1917 ukawa mwaka wa kuwashika kwa nguvu. Jina la kikosi chao limebaki kwetu katika neno Kariakoo. Hesabu za serikali zenyewe zinataja waliokufa zaidi ya 40,000. Vitabu vya malipo vilikuwepo, fedha zilikuwepo, lakini ujira wa maelfu ya marehemu haukuwafikia warithi. Stanley mwaka 1877 aliweza kuwalipa ndugu wa waliokufa kwa sababu walikuja mlangoni wakimjua na akiwajua. Mwaka 1917 aliyeshika fedha hakujulikana na yeyote.

Upande wa pili wa karatasi

Kwa nini tunawaletea haya wasomaji wa Muscat, Dubai, London na Toronto? Kwa sababu baada ya 1964 familia nyingi zetu zilijikuta upande wa pili wa karatasi. Nyumba zilizokuwa na wachumaji karafuu na mahamali wa kuwaita zilifika ugenini zikiwa hazina kitu, na kazi ya kwanza ya wengi ilikuwa ya muda: usiku mmoja hospitalini, wiki moja kiwandani, mwezi mmoja jikoni. Wazee waliojua kulipa walijifunza kungojea kulipwa.

Kila mtu anayekutana na ofisi hizi leo, akiwa ameketi upande wowote wa meza, atakuta maswali yetu matatu yameandikwa ndani ya sheria. Nchini Uingereza sheria ya 1973 inaikataza ofisi ya ajira kumtoza ada mtu anayetafuta kazi. Kanuni za 2003 zinaikataza kumnyima mfanyakazi ujira wake kwa sababu tu mwajiri hajailipa ofisi. Hilo lingewafaa sana watu wa 1859. Baada ya wachuma kome wa Kichina wasiopungua 21 kuzama katika ghuba ya Morecambe mwezi wa Februari 2004, mawakala wa vibarua vya mashambani na vya pwani walitakiwa kuwa na leseni. Na tangu Oktoba 2011 mfanyakazi wa wakala aliyetimiza wiki 12 mahali pamoja ana haki ya malipo ya msingi sawa na ya wenzake walioajiriwa moja kwa moja.

Katika Ghuba shauri lilikuwa jengine: neno kafili, ambalo asili yake ni mdhamini anayejibu kwa niaba ya mtu, liligeuka kuwa jina la anayeshika ruhusa yake. Oman, tangu Januari 2021, mfanyakazi wa kigeni aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ya barua ya idhini kutoka kwa yule wa mwanzo. Ni hatua ya kurudisha maana ya kale ya dhamana.

Tunamaliza kwa ombi. Masanduku ya familia zetu yana hati za mashamba, shajara na nasaba, na hizo watu huzihifadhi kwa fahari. Ndani ya masanduku hayo hayo huwa mna madaftari ya msimu wa karafuu, vikaratasi vya hamali, stakabadhi za arubuni, orodha za majina bila nasaba na tarakimu pembeni: pishi ngapi, siku ngapi, riale au rupia ngapi. Hizo ndizo zinazotupwa mwanzo nyumba inapohamwa. Tunaziomba zisitupwe. Zipigeni picha, andikeni zilitoka shamba gani na mwaka gani, na mtuletee nakala hapa jaridani. Katika orodha hizo wamo mababu wa mtu anayewatafuta, na huenda anayewatafuta ni jirani yenu hapo hapo mlipo.